Nyonga za Asali na Goti la Shangazi

Hesabu ya Baba Watoto iliandikwa nyuma ya risiti ya LUKU na kubandikwa kwenye mlango wa friji: watoto wanane, kila mmoja laki sita, jumla milioni nne na laki nane. Chini yake alipiga mistari miwili, akaandika "simtanki" na "ada ya kidato cha kwanza". Safu ya matumizi haikuwapo. Nilipoiulizia, alinijibu bila kugeuka: "Mama, mbwa anazaa mwenyewe. Tangu lini mbwa akalipiwa leba?"

Asali ni Labrador wa rangi ya manjano. Alikuja kwetu Arusha kutoka ng'ambo ya Namanga, kwa mama mmoja wa Limuru anayefuga mbwa wa aina hiyo na kuwaandikisha East Africa Kennel Club kule Nairobi. Kuposa ni rahisi kuliko kununua mbwa kwa yule mama. Alituuliza kwa simu uzio wetu una urefu gani, nani hushinda nyumbani mchana, watoto wana umri gani, na mbwa wetu wa mwisho alikufa kwa nini. Baba Watoto akasema uzee. Mama wa Limuru akauliza, uzee wa miaka mingapi? Salio lilikatika kidogo kidogo mpaka Baba Watoto akakubali kwamba ilikuwa miaka minne, na kulikuwa na gari.

Tulimpata Asali baada ya kutia sahihi mkataba. Asizalishwe kabla ya kutimiza miaka miwili, wala kabla ya kupigwa picha ya nyonga na viwiko. Na ikitokea hatuwezi tena kumtunza, mwaka wowote ule, asiuzwe wala kugawiwa mtu, arudi Limuru. Baba Watoto alisaini haraka kama watu wote wanavyosaini, bila kusoma. Mimi nilisoma, na karatasi nikaiweka pamoja na vyeti vya ubatizo.

Sasa Shangazi yake Baba Watoto alikuwa ameshuka kutoka Marangu kwa ajili ya goti. Alipewa chumba cha wageni na tarehe ya hospitali iliyosogezwa mbele kila ilipokaribia. Asubuhi moja alitukuta tunamvalisha Asali mkanda, akauliza safari ya wapi.

"Anakwenda kupigwa picha ya nyonga, Shangazi."

"Anaumwa?"

"Hapana. Tunataka kujua kama ataumwa."

Shangazi alilitazama goti lake, lililokuwa likimuuma tangu Pasaka na halijapigwa picha hata moja. "Mimi ningezaliwa Limuru," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Nilimweleza baadaye, maana ilikuwa haki yake kuelezwa. Labrador hurithishana nyonga mbovu: kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye kikombe chake, mfupa unasuguana na mfupa, na mbwa wa miaka mitano anapanda ngazi kwa shida. Uingereza kila nyonga hupewa alama kuanzia 0 hadi 53, mbwa mzima hadi 106, na mwenye alama chache ndiye mzima. Wazazi wawili wenye nyonga nzuri bado wanaweza kumzaa mtoto kiwete, ila hatari inapungua. Picha inataka mbwa alazwe kwa dawa ya usingizi, anyooshwe miguu, asitikisike. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza bei. Nilipoitaja akaomba nisirudie mbele ya watu wa Marangu.

Nyonga zilikuwa nzuri. Vinasaba vilileta neno jingine. Mate ya Asali yalipelekwa nje kupimwa, majibu yakarudi kwamba yeye ni mbebaji wa ugonjwa wa macho unaokausha pazia la nyuma ya jicho pole pole mpaka mbwa anapofuka. Mbebaji haumwi. Akipandwa na dume safi, hakuna mtoto atakayepofuka. Akipandwa na mbebaji mwenzake, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa na upofu wake mfukoni. Kwa hiyo dume wa kwanza, wa rafiki yake Baba Watoto wa meza ya kitimoto, tulimkataa, kwa kuwa mwenyewe alisema mbwa wake anaona vizuri sana na hahitaji kupimwa. Urafiki ulipoa kwa muda. Dume wa pili alipatikana Usa River: wa manjano, mpole, mwenye karatasi zote na macho safi. Ada yake ilikuwa sawa na bei ya mtoto mmoja. Baba Watoto alikwenda kwenye friji, akafuta nane, akaandika saba.

Mbwa huyu wa kizungu, kama majirani wanavyomwita, ana historia ya kazi. Wahenga wake walikuwa Newfoundland, wakiwasaidia wavuvi kuvuta nyavu na kuokota samaki walioponyoka kwenye ndoana. Karne ya 19 mabwana wa Uingereza, akina Earl wa Malmesbury na Duke wa Buccleuch, wakawaingiza kwenye uwindaji: bata akipigwa risasi akaangukia ziwani, mbwa anaogelea, anamleta bila kumtoboa. Kennel Club ya Uingereza ikamtambua mwaka 1903. Kwetu hakuna bata, lakini mdomo ule laini haujasahau. Asali alipata kumletea Shangazi yai bichi kutoka banda la kuku, zima, limelowa mate, akalitua juu ya Biblia iliyokuwa mapajani.

Jambo lingine alilorithi ni njaa. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walitangaza kwamba karibu robo ya Labrador wamepungukiwa kipande cha jeni inayouambia ubongo kuwa tumbo limejaa. Asali hajapimwa jeni hiyo, na sioni sababu ya kutupa fedha. Amekula mshumaa wa Komunio, nusu mche wa sabuni, na mfuko wa dagaa pamoja na mfuko.

Jike akiingia joto hutoka damu kwa wiki tatu hivi, na siku za kupandwa ni chache katikati. Daktari alizipata kwa kupima homoni kwenye damu, tukampeleka Asali Usa River, kwa sababu desturi ni jike kumfuata dume: dume akiwa ugenini huanza kwa kukagua kuta. Mambo yakaenda. Walifungana kama mbwa wanavyofungana, wamegeukiana migongo, kwa muda wa kutosha kunywa kahawa mbili. Baba Watoto aliwashikia mwavuli, akitazama Mlima Meru muda wote.

Tulirudi naye nyumbani akiwa bado kwenye joto, na ilitakiwa afungiwe mpaka zile wiki tatu ziishe. Alifungiwa. Geti lilikuwa na kufuli. Mlinzi aliambiwa.

Miezi miwili ya mimba ilipita kwa amani, ukiondoa mabishano ya vidonge vya kalisiamu. Yule rafiki wa kitimoto, moyo wake ukiwa umeshapoa, alileta kopo zima. Daktari akakataza asipewe hata kimoja: mwili wa mama ukizoea kupewa kalisiamu ya bure unasahau kuichota kwenye mifupa, na siku maziwa yanapotoka kwa wingi mama anaanza kutetemeka na kukakamaa, anaweza kufa. Kopo likahamia kwa Shangazi, kwa ruhusa ya daktari wake.

Fundi seremala wa mtaa alitengeneza sanduku la kuzalia. Tulimchorea: pana kiasi cha Asali kujinyoosha, upande mmoja mfupi wa kutokea, na ndani, kuzunguka kuta zote, ubao ulioinuliwa kidogo kutoka sakafuni. Ubao huo ndio unaookoa maisha. Mama mzito akijitupa chini usiku, mtoto aliye nyuma yake anapata upenyo wa kukaa badala ya kubanwa ukutani. Fundi aliuliza mara mbili kama kweli ni la mbwa, kisha akalipiga vanishi, ikabidi tulianike nje mpaka harufu iishe.

Joto la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38 na nusu. Likishuka chini ya 37.2, watoto wako njiani ndani ya saa 24. Baba Watoto alikabidhiwa kipimajoto chenye utepe wa bluu ili kisichanganywe na cha watoto, na kwa kuwa kipimo kile hakipitii mdomoni, yeye na Asali walikwepana macho siku zile. Jioni kikasoma 36.9. Usiku umeme ukakatika.

Tulizalisha kwa tochi za simu. Wa kwanza alitoka akiwa ndani ya mfuko wake, Asali akaupasua, akamlamba, akamgeuza geuza mpaka akalia. Wa manjano, karibu mweupe, pua ya waridi. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alitoka kimya, nikamfuta mdomo na pua, nikamsugua kwa taulo kavu mgongoni, kwa nguvu kuliko unavyodhani kiumbe kidogo kile kinaweza kuvumilia, mpaka akapiga kelele. Baba Watoto alikuwa akiandika saa na uzito: gramu 410, gramu 385. Halafu akaja wa nne.

Baba Watoto alisogeza tochi. Akaisogeza tena.

"Labda amelowa," akasema.

Wote walikuwa wamelowa. Huyu alikuwa mweusi, na vidole vya miguu ya mbele vilikuwa vyeupe.

Kabla ya alfajiri walikuwa tisa: sita wa manjano, watatu weusi. Shangazi aliletewa kiti mlangoni, akatazama safu ile ikinyonya, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na huyu baba wa pili ni mtu wa wapi?"

Kwa Labrador rangi haisemi uongo upande huo. Manjano hutokea pale tu mtoto anapopata jeni ya manjano kwa mama na kwa baba, na wazazi wawili wa manjano hawana kitu kingine cha kumpa. Weusi hauna mlango wa kuingilia. Na jike hatoi yai moja. Hutoa mengi, yanakaa siku kadhaa yakisubiri, na mbegu za dume nazo huishi siku kadhaa. Tumbo moja linaweza kuwa na baba wawili, kila mtoto na wake.

Mlinzi aliitwa. Ni kijana wa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyotuponza. "Nilimwona, mama. Ni Bosi wa pale kona. Alipitia mfereji, siku ile fundi bomba alipong'oa wavu. Nilipofika walikwisha kugeukiana migongo. Sasa mama, wewe ulikuwa sebuleni na watu wa jumuiya, mnasali rozari. Mimi ningeingia nikaseme nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Hata Baba Watoto alifikiri kidogo akakubali kwamba sentensi ya kusemea hapo haipo.

Mmoja wa manjano, mdogo kuliko wote, alikufa usiku wa pili ingawa tulimpa maziwa kwa bomba la sindano na kumweka kwenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Watoto wa mbwa wiki za mwanzo hawawezi kujitengenezea joto. Akipoa hanyonyi, asiponyonya anapoa zaidi. Binti yetu mdogo alimzika chini ya mparachichi. Asali alihesabu watoto wake kwa pua kwa muda mrefu siku ile.

Rafiki wa kitimoto akaja na ushauri. Labrador weusi wapo, alisema, tena wanapendwa, nani atajua? Bei ni ileile. Soksi nyeupe zitafichwa na vumbi, na mnunuzi akija, watoto wawe wamekalia nyasi ndefu. Nilimwona Baba Watoto akiitazama risiti ya LUKU. Kusema kweli, ushauri ule ulikuwa unatekelezeka, na ndivyo mbwa wengi wa "mbegu safi" wanavyouzwa mjini: picha nzuri kwenye simu, mama wa mbwa haonekani, baba ni hadithi. Nilipiga simu Limuru siku ileile, kabla risiti haijazoea wazo hilo.

Mama wa Limuru hakugomba. Aliuliza kwanza kama Asali anakula, pili kama watoto wanaongezeka uzito kila siku. Kisha akasema jambo ambalo hatukuwa tumeliwaza. Wale wa manjano nao wapimwe vinasaba, wote, kabla ya kuandikishwa. Mbwa mweusi anaweza kubeba jeni ya manjano iliyojificha, kwa hiyo Bosi anaweza kuwa na watoto pande zote mbili za sanduku. Na weusi je? "Weusi ni wenu sawa na wengine. Hawana karatasi tu."

Habari zilifika kona kabla hatujakata simu. Mama Lishe mwenye Bosi alikuja na kanga mpya begani, Bosi akimfuata nyuma, mweusi, miguu ya mbele myeupe, hana haraka. Alikaribishwa, akakaa, akanywa maji, akauliza hali za wote. Ndipo akasema amesikia Bosi amepata familia huku.

"Yule wa Usa River mlimpa kiasi gani?"

Baba Watoto akataja, kwa sauti ndogo.

"Na Bosi alikuja kwa miguu yake. Hakutumia hata mafuta ya gari lenu."

Shangazi alicheka mpaka akashika goti. Lakini kwa desturi za wafugaji duniani kote, mama yule alikuwa na hoja: mwenye dume hulipwa ada au huchagua mtoto. Mazungumzo yalichukua chupa nzima ya chai. Mtoto hakumtaka, alisema mbwa anaye. Tukaafikiana kwamba Bosi atachanjwa kichaa cha mbwa kwa gharama zetu, atapewa dawa ya minyoo na ya kupe, na atahasiwa. Hapo kwenye kuhasiwa palikuwa na ubishi, kwa sababu Mama Lishe aliamini ukali wote wa mbwa uko huko. Daktari alimhakikishia kwamba Bosi ataendelea kubweka wezi. Kitakachopungua ni safari za kupitia mifereji.

Kisha yakaja masika, na siafu pamoja nayo. Aliyekulia mlimani anajua: usiku, bila sauti, mstari mweusi unaingia kwa mlango na ukuta mzima unatembea. Vifaranga wanaofungiwa bandani huliwa wakiwa hai, na mtoto wa mbwa ambaye hajafungua macho hana tofauti na kifaranga. Asali ndiye aliyetuamsha. Alikuwa amesimama katikati ya sanduku akilia, na siafu kwenye masikio yake, kwenye kwapa, kati ya vidole. Watoto walitiwa kwenye beseni la kufulia, beseni likakimbizwa kwenye chumba pekee chenye mlango unaoziba vizuri, ambacho ni cha Shangazi. Mlinzi alimwaga majivu ya moto kizingitini. Baba Watoto alikuwa akivua nguo kwa kasi barazani. Mimi nilikaa sakafuni nikimchambua Asali mmoja mmoja, maana siafu akishauma kichwa kinabaki hata ukikata mwili, na Shangazi alikaa kitandani na beseni miguuni, watoto wanane wakilia ndani yake, akisema Baba Yetu kwa Kichagga. Kuanzia siku ile miguu ya sanduku ilikaa ndani ya makopo manne yenye maji na mafuta kidogo, na sanduku halikurudi stoo. Lilibaki chumbani kwa Shangazi, kwa amri yake.

Malezi yenyewe yalikuwa kufua. Taulo zote zilipigwa pasi pande mbili, kwa sababu kuna nzi wa huku kwetu anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa, funza wake huingia kwenye ngozi laini ya mtoto, wa mbwa au wa mtu. Macho yalifunguka walipofikisha wiki mbili, na dawa ya minyoo ikaanza wiki hiyohiyo, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili. Minyoo mingine hupita kwa mama tangu tumboni, kwa hiyo usafi wako haukuokoi. Wageni walivua viatu getini na kukanyaga maji ya jiki. Virusi vya parvo hukaa udongoni miezi mingi, huja na soli ya kiatu, na huweza kumaliza watoto wote wa tumbo moja kwa kuhara damu. Mjumbe wa mtaa alikataa kuvua viatu vyake, akaongea na Baba Watoto kwa juu ya geti.

Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne mtoto wa mbwa huamua ni nini duniani cha kawaida na nini cha kutisha. Alichokutana nacho wakati huo kwa amani, hakimsumbui ukubwani. Basi waliwekewa redio, blenda, mwavuli unaofunguka ghafla, bodaboda inayowashwa uani, watoto wa jirani wakikaa chini na kuwashika mmoja mmoja. Mkongojo wa Shangazi ulipita katikati yao kila siku, na mpaka leo kila mmoja wao anaamini mkongojo ni ndugu.

Wanunuzi ndio walionichosha. Mmoja alimtaka wa wiki tano, awe zawadi ya besdei. Nikamwambia hatoki mtu kabla ya wiki nane, maana anayejifunza kutouma kwa nguvu hufundishwa na ndugu zake. Mwingine alitaka mkali wa kufunga mnyororo mchana. Nilimweleza kwamba Labrador akimwona mwizi atamletea kiatu. Mwingine alitaka jike tu, na alipoulizwa kwa nini, akaanza kupiga hesabu kwa sauti, hesabu ninayoifahamu kutoka mlangoni mwa friji. Kila aliyekubaliwa alitia sahihi masharti yaleyale ya Limuru: vipimo kwanza, uzazi baadaye, na ukishindwa, mlete hapa.

Majibu ya vinasaba yalifika watoto wakiwa wamekaribia kuondoka. Kati ya watano wa manjano, wanne ni wa Usa River. Wa tano, mwenye uzi mwekundu shingoni, mwenye kichwa kipana na kifua kizuri kuliko wote, aliyechaguliwa na mstaafu mmoja wa Njiro na kulipiwa kianzio, ni mtoto wa Bosi.

Baba Watoto aliisoma karatasi, akaikunja, akanitazama. Nilikuwa nimeshashika simu. Mstaafu alikasirika, akasema yeye hawezi kutembea mjini na mbwa koko, akataka mwingine au fedha zake. Fedha alirudishiwa siku ileile, na mwingine hakupewa. Mwenye uzi mwekundu alikwenda bure kwa mwalimu wa Tengeru mwenye watoto watatu na uzio wa michongoma, pamoja na nakala ya majibu yanayomtaja baba yake. Weusi wawili walichukuliwa na familia tunazozijua, bure pia, kwa ahadi ya kufungwa kizazi wakikua, na ahadi hiyo naifuatilia kwa simu bila aibu.

Wanne wenye karatasi waliuzwa laki sita kila mmoja. Milioni mbili na laki nne. Daftari langu, ambalo halikuwahi kubandikwa popote, lina picha, vipimo vya mate vya mama na vya watoto, ada ya dume mmoja na makubaliano ya dume wa pili, seremala, chanjo, chakula cha watoto, kuhasiwa kwa Bosi na pasi iliyoungua. Limezidi mapato kwa kiasi ambacho Baba Watoto ameomba kisitajwe. Simtanki halijanunuliwa. Picha ya goti la Shangazi tuliilipia, daktari akasema gegedu imelika, akampa mazoezi na kumwambia apunguze ngazi.

Baba Watoto bado ana hoja. Amesoma kwamba Kennel Club ya Uingereza inaruhusu jike mmoja aandikishiwe mazao hadi manne, mradi asiwe ametimiza miaka minane. Nimemwambia hicho ni kikomo walichowekewa wenye tamaa, na Asali amefungwa kizazi mwezi uliopita.

Mweusi wa tatu bado yupo hapa. Ni dume, ana miezi minne, ana soksi mbili nyeupe, amechanjwa parvo na kichaa cha mbwa, haogopi bodaboda wala mkongojo. Macho yake hayatapofuka kwa ule ugonjwa wa mama yake isipokuwa Bosi naye awe mbebaji, na Bosi hatujampima. Nyonga zake sizidhamini. Hauzwi. Mwenye uzio usio na tundu, na mtu wa kushinda nyumbani mchana, aje Arusha na familia yake yote, tuwaone wote, hata yule asiyependa mbwa.